Treni ya Wales inashuka mlima bila kichwa, ni kweli au nimepigwa?

Pugu_Stesheni:
Wakuu habari za jioni. Jana nimekutana na kivideo cha huko Wales, msururu wa vibehewa vimejaa mawe bapa vinateremka mlimani, mbele hakuna kichwa, nyuma hakuna kichwa, kuna jamaa tu wamekaa juu ya mzigo wanakaza breki za mkono. Na reli yenyewe nyembamba utadhani ya kuchezea watoto. Hii kweli au ni AI? Na kama kweli, kurudi juu walikuwa wanarudije?

Mnazi_Mkinda:
Kweli kabisa mkuu, hiyo ni reli ya Ffestiniog. Siku hizi wanafanya kama maonyesho ila zamani ndo ilikuwa kazi yenyewe. Ilifunguliwa 1836, inatoka machimbo ya sleti, hayo mawe bapa uliyoyaona, Blaenau Ffestiniog mpaka bandarini Porthmadog, kama kilomita 22. James Spooner aliyepima njia aliizungusha ubavuni mwa milima ili mteremko usikatike, mwanzoni pale Moelwyn palisumbua ikabidi mabehewa yavutwe kwa kamba kuvuka kilima, 1842 wakatoboa handaki ikawa mserereko mmoja mpaka chini. Uzito wa sleti ndo injini.

Kurudi juu ni farasi. Sasa utamu uko hapa, farasi naye anashuka na treni, ana behewa lake kule nyuma, kasimama anatafuna majani yake, akifika chini ndo zamu inaanza, mabehewa manane matupu kwa farasi mmoja. Kwa ratiba ya 1856 kushuka ni saa moja na nusu, kupanda karibu saa sita.

ZuuWaMtoni:
Farasi anapewa lifti kwenda kazini 😂😂 mimi nagombania daladala kila asubuhi. Ila wembamba hamjaujibu

Mnazi_Mkinda:
Dada Zuu upana ni milimita 597, ile reli yetu ya zamani ya mita moja hapo ni baba yake. Na wala si umaskini, zile kona za mlimani ukitaka kupitisha reli pana itabidi uupasue mlima wenyewe. Shida ikawa kichwa cha stimu kitakaaje kwenye kinjia kama kile, wengi hawakuamini, mpaka 1863 vikaja vichwa vidogo vya George England, 1865 wakaanza kubeba na abiria. Mzigo ukazidi tena, 1869 ikaletwa Little Wonder ya Robert Fairlie, kichwa chenye pua mbili, moto unawaka katikati na magurudumu yanajipinda kufuata kona, mwaka uliofuata wahandisi wakatoka mpaka Urusi kuja kuitazama.

Mswahili_wa_Manchester:
Nimeipanda na watoto, mvua tupu. Ukifika Blaenau vifusi vya sleti vimezunguka mji mzima, vikilowa vinang'aa kama mgongo wa kambare. Pale Dduallt reli inajizungusha halafu inapita juu ya yenyewe, maana njia ya zamani ilizamishwa na bwawa la umeme. Abiria walikatwa 1939, sleti 1946, vichaka vikaota mpaka ndani ya mabehewa, wakaja watu wa kujitolea wakaanza kuifufua 1955 kipande kwa kipande, Blaenau wamefika 1982! Na pale Porthmadog mkishuka mtazame reli jirani ya Welsh Highland, inatumia vichwa vya stimu aina ya Garratt vilivyotoka Afrika Kusini, kuna vilivyoundwa hapahapa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock, walewale walioiunda ile Garratt kubwa iliyopo makumbusho ya reli Nairobi.

Babu_Kiko:
Sleti nyie mnaisoma, sisi darasa la kwanza tuliandikia, ukikosea unafuta kwa mate.

Pugu_Stesheni:
Shikamoo babu 😄 Asanteni wakuu. Kwa hiyo 1863 farasi ndo wakaachishwa kazi?

Mnazi_Mkinda:
Kwa kupanda ndiyo. Kushuka hata stimu haikuwa na ubavu wa kushindana na mlima, kuchoma makaa ya nini wakati mzigo unateremka wenyewe bure, sleti iliendelea kuserereka hivyohivyo mpaka 1939.