Mwenyekiti wa mtaa akiitwa kushuhudia upekuzi wa dawa za kulevya, akague nini kabla hajasaini?

Kibwana_Tanga

Wakuu, heshima kwenu. Tunaandaa mwongozo wa kurasa mbili kwa wenyeviti wa mitaa na wajumbe hapa Tanga. Hawa ndio wanaogongewa mlango usiku wakashuhudie upekuzi. Wanasimama sebuleni, kitu kinatolewa chini ya godoro, wanasaini karatasi, wanarudi kulala. Miaka miwili baadaye wanaitwa mahakamani. Wakili anawauliza kete zilikuwa ngapi, bahasha ilifungiwa wapi, nani aliondoka nayo. Wanabaki kuduwaa.

Maswali matatu. Shahidi huru akague nini hasa kabla hajasaini? Mzigo ukishatoka nyumbani kwa mtu, ni wapi unapopungua au kubadilishwa? Na shahidi akiona mchezo unachezwa mbele ya macho yake, taarifa aipeleke wapi? Naomba tusitaje askari wala watuhumiwa wa mtaani, tuongelee utaratibu.

---

Lakiri_Nyekundu

Kabla ya kusaini kuna kabla ya kuingia. Mwenyekiti asikubali kuitwa baada ya mzigo kupatikana. Aliyezikuta kete tayari ziko mezani ameshuhudia meza, hajashuhudia upekuzi, na wakili yeyote aliyeamka vizuri atamtoa jasho kwa swali moja tu.

Wakifika mlangoni, askari wajipekue wao kwanza mbele ya mwenye nyumba na shahidi: mifuko nje, viganja wazi, begi walilokuja nalo lifunguliwe. Ofisa safi hapotezi chochote hapo. Ndiyo kinga yake siku mshtakiwa atakaposema amebambikiwa. Halafu waende chumba kwa chumba, wote pamoja. Askari mmoja akiwa chumbani peke yake huku shahidi anaongeleshwa sebuleni, upekuzi wa chumba kile shahidi hawezi kuuapia.

Kuhusu usiku: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 40, inataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu muda mwingine. Dharura ina kifungu chake, cha 42. Kwa hiyo saa nane usiku si lazima iwe kosa, ila shahidi aulize, tena asikie jibu: hati ipo, au ni dharura, na dharura yenyewe ni ipi? (Vifungu ninavyotaja ni vya toleo la zamani. Toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2025 limebadilisha namba nyingi, hakikisheni kabla hamjachapisha mwongozo.)

Sasa hati ya ukamataji mali. Mambo ya kukagua:

Saa na mahali. "Nyumbani kwake" haitoshi. Iandikwe "chumba cha pili kulia, chini ya godoro, upande wa dirishani".

Idadi. Kete zihesabiwe kwa sauti, moja moja, na shahidi ahesabu naye. Idadi iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana 7 hugeuka 17 kwa kijimstari kimoja.

Maelezo ya kitu. Iandikwe "unga wa rangi ya kahawia unaodhaniwa kuwa heroini". Ikiandikwa "heroini" moja kwa moja kabla ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupima, utetezi unaanzia hapo.

Nafasi tupu zote zipigwe mstari. Hati yenye mistari mitatu mitupu katikati inaweza kuongezewa chochote ikifika kituoni.

Kisha kufunga. Kete ziingie kwenye bahasha palepale, ifungwe, lakiri ipigwe, na sahihi zivuke mdomo wa bahasha, nusu juu ya kifuniko na nusu juu ya mwili wake, ili ikifunguliwa sahihi ikatike. Kama ni mfuko maalumu wenye namba, namba hiyo iingie kwenye hati. Kifungu cha 38(3) kinadai pia stakabadhi yenye sahihi za mwenye nyumba na mashahidi. Hii ndiyo inayosahaulika kila siku.

Msingi wa yote ni rufaa ya Paulo Maduka na wenzake, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007. Mahakama ya Rufani ilieleza mnyororo wa utunzaji wa kielelezo kuwa ni kumbukumbu za mfululizo: nani alikamata, nani alitunza, nani alikabidhiwa, nani alipima, mwisho wake nini. Na sababu iliyotolewa pale ni kuhakikisha kielelezo hakikupandikizwa ili mtu aonekane ana hatia. Kubambikia, kwa lugha ya mtaani. Baadaye mahakama imelegeza kidogo: kwa vitu visivyobadilishika kirahisi, kama pembe ya ndovu au gari, maelezo ya mdomo ya mashahidi yanaweza kutosha. Unga haumo kwenye kundi hilo.

---

Mizani_Nyeti

Nijibu la pili, kwa upande wa vipimo.

Mzigo mara nyingi hubadilika kabla haujafika maabara. Pengo lenyewe liko kati ya eneo la tukio na kitabu cha vielelezo, ile PF 16. Askari amekamata saa nne usiku, mtunza vielelezo hayupo zamu, bahasha inalala kwenye droo ya mpelelezi mpaka asubuhi. Hata kama hakuna aliyeigusa, hizo saa kumi hazina mwenyewe. Pengo la pili ni siku za kungoja usafiri wa kwenda kwa Mkemia Mkuu, hasa mikoani.

Kwa nini mtu achezee uzito? Tazama sheria. Tangu marekebisho ya 2017, heroini au kokeini inayozidi gramu 200 ni kifungo cha maisha chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Isiyozidi gramu 200 ni miaka 30, kifungu cha 15A. Kwa hiyo mzigo wa gramu 215 ambao haujapimwa una bei mbili kwa wakati mmoja: bei ya unga wenyewe, na bei ya zile gramu 15. Mlungula unapangwa kwenye mstari ule. Ndiyo maana kipimo cha kwanza kinatakiwa mapema, mbele ya mtuhumiwa, na kiandikwe hata kama mizani ni ya kawaida. Kipimo cha mizani ya duka kilichoandikwa saa moja baada ya kukamata kina thamani kuliko cha maabara kilichokuja peke yake baada ya wiki mbili.

Vipimo vya rangi msivitegemee. Dawa ya Marquis ikigusa heroini huwa zambarau, ikigusa methamfetamini huelekea chungwa hadi kahawia. Kokeini hupimwa kwa kobalti thaiosaianeti, hugeuka buluu. Lakini hata difenhidramini, dawa ya kawaida ya mzio, inaweza kuleta buluu hiyohiyo. Rangi inakwambia endelea kupima, basi. Uthibitisho ni wa GC-MS, mashine ya maabara inayotenganisha na kutambua kemikali.

Mzigo wa vifurushi vingi huwa haupimwi wote. Njia iliyozoeleka ya Umoja wa Mataifa: vikiwa 10 au pungufu, pima vyote. Vikifika hadi 100, chukua 10 bila kuchagua. Vikizidi 100, chukua kipeuo cha pili, yaani kwa vifurushi 400 unachukua 20. Neno zito hapo ni "bila kuchagua". Ofisa akikuletea sampuli alizochagua mwenyewe kutoka juu ya gunia, umepima alichotaka upime.

---

Kibwana_Tanga

Shukrani sana wakuu. Mizani, nifafanulie: hati ikisema kilo 12 za bangi na Mkemia akasema kilo 9, hapo kesi imekufa?

---

Mizani_Nyeti

Hapana, ikiwa tofauti ina maelezo. Bangi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, ikikaa kwenye gunia wiki kadhaa inapungua sana bila mkono wa mtu. Pia kuna uzito wa jumla na uzito halisi: kituoni walipima na gunia na kamba, maabara wakavua vyote. Kinachoua kesi ni tofauti isiyo na maelezo, hasa kwenye unga mkavu, maana unga uliofungwa vizuri hauna sababu ya kupungua robo. Na idadi ikitofautiana, kete 37 kwenye hati na 31 maabara, hapo hakuna hali ya hewa ya kusingizia.

Kwenye mwongozo wenu waambieni wadai iandikwe "pamoja na vifungashio" au "bila vifungashio". Maneno mawili matatu yanaokoa siku nzima ya mabishano mahakamani.

---

Nyali_254

Huku Kenya tumeliweka kwenye sheria waziwazi. Kifungu cha 74A cha sheria yetu ya mihadarati kinataka mzigo wote upimwe uzito pale inapowezekana mbele ya anayetarajiwa kushtakiwa, wakili wake kama yupo, na mchambuzi aliyeteuliwa. Mshtakiwa anaweza hata kuleta mchambuzi wake. Shida ni hilo neno "inapowezekana". Polisi wengi hulisoma kama "tukipenda".

Mfano wa kwa nini kukaa na mzigo ni hatari: Desemba 2004 zaidi ya tani moja ya kokeini ilinaswa Nairobi na Malindi. Iliteketezwa Machi 2006. Katikati hapo uvumi ulijaa nchi nzima kwamba imebadilishwa, ikabidi wataalamu wa nje waitwe kuipima upya kabla ya kuchomwa. Uvumi wenyewe tayari ni hasara, kwa sababu kila siku ya ulinzi inagharimu na kila mlinzi anakuwa mshukiwa.

Halafu msidhani rushwa inaishia kwa askari wa chini. Ndugu wa Akasha, wafanyabiashara wa dawa za kulevya, walikamatwa Mombasa Novemba 2014, kesi ya kuwapeleka Marekani ikazungushwa mahakamani hadi Januari 2017 waliposafirishwa. Walipokiri makosa New York mwaka 2018, kuwahonga maafisa wa Kenya kulikuwa sehemu ya yale waliyokiri. Baktash alipewa miaka 25, Ibrahim 23. Lakiri kwenye bahasha ni nzuri, lakini haimfungi hakimu.

Kilichotusaidia kidogo ni pesa zenyewe. Tume ya huduma ya polisi ilipowapiga msasa askari wa trafiki, taarifa za M-Pesa ziliwaumbua: pesa ndogondogo zinaingia kila siku, jioni zinapanda kwa wakubwa. Mchunguzi asiyeomba taarifa za simu za miezi sita za ofisa na za mkewe au mumewe, hajaanza kazi.

---

Karandinga

Mmesahau magereza, na unga hauishii mahakamani.

Mapengo ni machache na yanajulikana: mahabusu wanaorudi kutoka kortini, chakula cha kutoka nje, na wafanyakazi wenyewe, wawe askari au wazabuni. Hilo la tatu ndilo gumu, kwa sababu anayepekua ndiye anayepaswa kupekuliwa. Linabanwa hivi: wapekuzi wa getini wabadilishwe bila ratiba inayotabirika, wasiwe wa kikosi kilichozoea zamu hiyo. Anayepekua asiwe ndiye anayejaza kitabu. Kila anayepita apekuliwe, akiwemo mkuu wa zamu, maana ukimruka mmoja mwenye cheo, njia yote itahamia kwake.

Kitabu cha upekuzi kiandike nani kapekua, nani kapekuliwa, sababu, na kilichopatikana. Kanuni za Mandela, zile za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, ya 51, zinadai kumbukumbu hizo hizo. Gereza lisilokamata kitu kwa miezi huku wafungwa wanalewa, kitabu chake ndicho cha kuchunguzwa kwanza.

Na kingine: kete ikikamatwa ndani ya gereza mara nyingi inaishia kwenye adhabu ya ndani, kielelezo "kinatupwa". Kinatupwa wapi? Nacho kifungwe, kiandikwe, kikabidhiwe polisi kama cha mtaani.

---

Lakiri_Nyekundu

Nimalizie la tatu, na nyongeza moja kwa waendesha mashtaka.

Nyongeza: hati ya ukamataji ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mahakamani, tena baada ya kupokelewa, si kabla. Isiposomwa inafutwa kwenye kumbukumbu. Nyingine ni ridhaa ya DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Kesi hizi nyingi ni za uhujumu uchumi, na mashauri kadhaa yamebatilishwa kwa sababu ofisa wa mkoani alisaini ridhaa chini ya kifungu cha 26(1) cha sheria ya uhujumu uchumi, ambacho ni cha DPP mwenyewe, badala ya 26(2). Uzembe au mpango? Kwenye faili moja huwezi kujua. Ikijirudia kwa mtu yuleyule, jalada lake likaguliwe.

Pa kupeleka taarifa: Mamlaka ya dawa za kulevya ina namba ya bure 119. Rushwa ni TAKUKURU, 113. Kama anayelalamikiwa ni askari wa kituo fulani, asiende kituo hichohicho. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, ila inamlinda anayeripoti kwenye mamlaka husika, haimlindi anayeanzia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Hili liandikeni kwa herufi kubwa.

Shahidi awe na daftari lake. Usiku huohuo aandike saa aliyoitwa, saa aliyofika, idadi ya kete, namba au alama ya lakiri, nani aliondoka na bahasha na kwa gari gani. Mahakamani anaruhusiwa kujikumbusha kwa maandishi aliyoandika tukio likiwa bichi.

Na akilazimishwa kusaini asichokiona, si lazima agombane na mtu mwenye bunduki. Juu ya sahihi yake aandike: "Nimefika saa 8:40 usiku, nimekuta kete zikiwa mezani." Halafu asaini.