Masta ya uchumi: Maseno, Egerton ama nilipe arbuni ya Uingereza?

Nyar_Kondele
Wadau salamu. Nataka kuanza masta ya uchumi na nimekwama kabisa. Niko na barua tatu za kuitwa: Maseno ya MA Uchumi, Egerton pale Njoro MSc ya uchumi wa kilimo, na chuo kimoja cha Uingereza kozi ya mwaka mmoja. Hawa wa Uingereza wanataka arbuni kabla ya Ijumaa la sivyo nafasi inapewa mwingine. Gani iko sawa? Jibuni haraka tafadhali, hata usingizi umeniisha.

Mwalimu_Luanda
Sawa kwa nini, madam? Hujasema digrii yako ya kwanza ni ya nini, ulipata nini, nani analipa, na ukimaliza unataka kwenda wapi. Ni kama mtu kuuliza matatu gani ni nzuri na hasemi anashuka wapi.

NjoroBaridi
Egerton. Bila hata kufikiria. Mimi nilipita hapo kwa ile programu ya AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, ya masta ya uchumi wa kilimo, ile wanaita CMAAE. Unasoma kozi za lazima Njoro halafu unapelekwa chuo cha Pretoria kwa kozi za kuchagua, darasa moja na watu wa Malawi, Ethiopia, Uganda, Tanzania. Nilijifunza zaidi kwa ile miezi kuliko miaka minne ya digrii. Halafu kuna Taasisi ya Tegemeo ambayo ni ya Egerton, wale ndio wamekuwa wakifuata mambo ya mahindi na mbolea miaka yote, ukipata nafasi ya kufanya data nao umeshinda. Ila ulizia kabla hujaripoti kama mwaka wenu kuna ufadhili, si kila anayeingia analipiwa. Na beba sweta mbili.

Stata_na_Omena
Hahaha NjoroBaridi na sweta. Lakini @Nyar_Kondele jibu Mwalimu kwanza.

Nyar_Kondele
Pole, nilikuwa kazini. Digrii ni BA Uchumi, sekondi apa (daraja la pili la juu). Niko sacco moja hapa Kisumu, dawati la mikopo, mwaka wa tatu sasa. Nikimaliza nataka kufundisha chuo, ama nipate kazi ya utafiti kama KIPPRA hivi, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, ama benki pia sitakataa. Kulipa, mjomba amesema atasaidia nusu.

Mwalimu_Luanda
"Ama, ama, ama." Hizo ni njia tatu tofauti dada yangu. Ya benki haihitaji masta ya uchumi hata kidogo, chukua vyeti vya uhasibu ama uwekezaji, CPA ama CFA, ubaki na pesa yako. Ya kufundisha chuo, masta ni ngazi tu, lengo ni PHD, kwa hivyo uliza ni masta gani itakufikisha huko. Hapo sasa tuongee hesabu. Ulipata nini kwa ekonometriki, ile takwimu ya uchumi? Na hesabu ulisoma hadi wapi?

Nyar_Kondele
Ekonometriki C. Hesabu ilikuwa ile ya wanauchumi, mwaka wa kwanza na wa pili.

Mwalimu_Luanda
Ndio hapo. Vyuo vya Marekani, PHD ya uchumi wanakulipia karo na posho miaka mitano sita, hauhitaji hata masta kuingia, lakini wanasoma transkripti yako kama daktari anasoma eksirei. Wanatafuta kalkulasi yote, aljebra ya mstari, na ile hesabu ya kuthibitisha yenye epsiloni na delta. Mtu wa BEd Hesabu na Fizikia anaweza kumpita mtu wa BA Uchumi pale mlangoni. Nimeona kwa macho yangu.

Menengai_View
Mwalimu unatisha watu bure. Uchumi si hesabu peke yake. Kuna historia, kuna taasisi, kuna siasa. Tangu lini mama mboga wa soko la Wakulima hapa Nakuru akatumia epsiloni kupanga bei ya sukuma?

Mwalimu_Luanda
Mama mboga haombi PHD.

Menengai_View
Na ndio maana uchumi wetu uko vile uko, umejaa watu wa kuthibitisha. Anyway. Dada, achana na Uingereza, angalia Ujerumani. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambalo wageni wa nje ya Ulaya wanalipa yuro 1,500 kwa semista, na chuo kimoja kimoja kwingine. Unalipa tu ada ndogo ya semista. Kuna masta nyingi za Kiingereza huko. Halafu kuna DAAD, wale wa skolashipu za Ujerumani.

NjoroBaridi
Na hutamwambia ya ile akaunti ya kufungiwa pesa? Yuro 11,904 uweke kabla hujapewa viza, ndio ukatiwe kidogo kidogo kila mwezi. "Bure" gani hiyo? Hiyo ni shamba la mzee limeuzwa.

Menengai_View
Ni pesa yako unarudishiwa wewe mwenyewe. Uingereza ukitoa imeenda.

Prof_Bado
Naomba niseme yangu, ni ndefu mnivumilie. Mimi nilifanya MA ya uchumi chuo kimoja cha hapa kwetu, sitakitaja, na si hivyo viwili vimetajwa hapo juu. Koswaki, yaani masomo ya darasani, nilimaliza kwa mwaka mmoja na alama safi. Nikapewa supavaiza wawili. Wa kwanza akapata kazi nje ya nchi mwezi wa pili, akaniambia "tutaongea kwa baruapepe", hadi leo tunaongea kwa baruapepe mimi peke yangu. Wa pili alikuwa mtu mzuri sana shida hakuwa mtu wa eneo langu, nilikuwa naandika mambo ya mikopo ya wakulima wa miwa yeye ni mtu wa biashara ya kimataifa, kila nikimpelekea sura ya pili ananiambia ongeza nadharia, nikiongeza ananiambia imekuwa nyingi. Ikaja migomo. Ikaja mfumo mpya wa kusajili wanafunzi, jina langu likapotea, nikaambiwa nilipe karo ya mwaka ambao nilikuwa nimelipa, risiti ninayo, mama wa ofisini ananiangalia kama mimi ndio nimeandika hiyo risiti. Kutoka Mumias hadi chuo ilikuwa matatu mbili na boda, unafika unaambiwa mwenyekiti wa idara ametoka kidogo. Ametoka kidogo ni hadi wiki ijayo. Masta ya miaka miwili nilimaliza kwa miaka mitano na nusu, na siku ya gauni mama yangu ndiye alikuwa amefurahi, mimi nilikuwa nimechoka tu. Kwa hivyo @Nyar_Kondele kabla hujachagua chuo, nenda pale idarani usimame kwa korido uulize wanafunzi: wa mwaka wenu waliomaliza ni wangapi? Supavaiza anarudisha kazi baada ya siku ngapi? Hilo swali halimo kwa broshua.

Stata_na_Omena
Pole sana Prof. Hiyo "tutaongea kwa baruapepe" imeniuma.

Mimi nitasema kitu tofauti. Usichague yoyote kati ya hizo tatu mwaka huu. Dada uko Kisumu, uko katikati kabisa ya mahali ambapo nusu ya uchumi wa maendeleo wa dunia umefanyiwa. Wanauchumi Kremer, Duflo na Banerjee walipata Nobel ya uchumi 2019, na Kremer kazi zake nyingi za mwanzo zilikuwa Busia hapo. GiveDirectly, wale wa kugawia watu pesa taslimu, walianzia Siaya. Hawa watu wanahitaji wasaidizi wa utafiti wa hapa wanaojua Kiluo, Kiluhya, Kiswahili, na wanaojua programu za takwimu kama Stata ama R. Nilianza kama karani wa kuhoji watu, naruka mitaro na tableti mgongoni, saa hii nasafisha data na kuandika programu za kompyuta. Barua ya maprofesa waliokuona ukifanya kazi ina uzito kuliko ya lekchara aliyekufundisha mkiwa mia tatu ukumbini. Na MIT, kile chuo cha Marekani, wana kozi zao za mtandaoni za data na uchumi wa sera, kusikiliza ni bure, ukitaka cheti bei inategemea mapato yako, na ukifaulu zote unaweza kuomba masta yao ya pale kwenyewe. Hiyo C ya ekonometriki utaizika huko.

BusiaMpaka
Ngoja, ngoja. Kremer ndiye yule wa dawa za minyoo? Mimi nilimeza hizo dawa! Nilikuwa darasa la nne, shule yetu iko ndani ndani kule, wakaja na gari nyeupe wakatupima urefu.

Stata_na_Omena
Weee! Mwaka gani? Shule zilikuwa 75, zikagawanywa makundi matatu. La kwanza lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu likangoja hadi 2001.

BusiaMpaka
Ilikuwa 1999, tulikuwa tunasikia shule ya jirani wamepewa mwaka uliopita na sisi tukaachwa. Mwalimu mkuu alilalamika sana. Na baadaye nikiwa mtu mzima wakanitafuta tena, wanauliza nafanya kazi gani, nalala njaa ama vipi. Nilidhani ni matapeli.

Mwalimu_Luanda
Kumbe wewe ni kundi la pili. Ndugu, kuna PHD za watu zimetokea kwa tumbo lako.

Menengai_View
Na hakulipwa hata shilingi. Uchumi wa kuthibitisha huo.

NjoroBaridi
Tumetoka kwa njia. @Nyar_Kondele hiyo nusu nyingine ya pesa ya Uingereza inatoka wapi? Mbona hujajaribu Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza? Wanataka saa 2,800 za kazi, wewe miaka yako mitatu ya sacco inatosha na inabaki. Sharti ni urudi nyumbani miaka miwili.

Nyar_Kondele
Chevening nilichelewa, dirisha lilifungwa nikiwa nasubiri transkripti. Nusu ingine nilifikiria kuchukua mkopo kwa sacco yetu, bei ya wafanyakazi. Bado kuna deni kidogo la HELB pia, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi. Na kitu kingine sikusema, niko na mtoto wa miaka mitatu, nilipanga twende naye.

Prof_Bado
Aki dada, hilo ndilo lilifaa kuwa mstari wa kwanza.

Mwalimu_Luanda
Madam, tangu Januari 2024 Uingereza wanafunzi wa masta za kufundishwa hawaruhusiwi kubeba familia. Wa masta za utafiti na PHD ndio wamebaki. Mtoto atabaki Kondele. Na ongeza ile ada ya afya, pauni 776 kwa mwaka, hiyo haiko kwa karo. Na pesa ya kujikimu ikae kwa akaunti siku 28 mfululizo, si ukope Jumatatu uonyeshe Jumanne.

Nyar_Kondele
Wakala hakuniambia hiyo ya mtoto. Aliniambia "mambo ya familia tutapanga".

NjoroBaridi
Wakala analipwa na chuo ukiingia. Atapanga nini?

Menengai_View
HELB maliza kwanza, usipolipa penalti ni elfu tano kila mwezi.

Prof_Bado
Elfu tano hizo nilishalipa nikasahau ni za nini. Maseno ni karibu, ungelala kwako na mtoto kila siku, nauli tu. Nenda idarani kesho usimame kwa korido.

NjoroBaridi
Njoro pia kuna nyumba za bei poa, na baridi ni nzuri kwa kusoma.

Stata_na_Omena
Hakuna utafiti unaoonyesha hivyo.

NjoroBaridi
Utafiti ni mimi.

BusiaMpaka
Samahani kurudi nyuma, hiyo data yetu ya minyoo, naweza kujiona ndani?

Stata_na_Omena
Data iko wazi lakini majina walitoa. Wewe ni namba.

BusiaMpaka
Namba ngapi?

Nyar_Kondele
Jamani Ijumaa ni kesho.

BusiaMpaka
Pole dada. @Stata_na_Omena nimekutumia jina la shule inboksi, niangalizie.