Tupeane uzoefu: mtoto wako ametoa nini kwenye gemu akakitumia nje?

MamaWawili, Lanet (Nakuru): Likizo ndiyo hii, simu yangu haipumui. Ubishi wa kama gemu ni mbaya au nzuri tumeuchosha, naomba visa tu. Mtoto alijifunza nini humo mkakiona kwa macho?

Naanza. Wangu wa Gredi ya 8 hucheza Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku. Humo kuna unga mwekundu, redstone, unaotandazwa chini kupitisha nguvu kama waya. Nguvu hiyo hufika bloku 15 ikazimika, mpaka uweke kifaa cha kuisukuma mbele. Jioni nzima alihangaika na mlango uliogoma kufunguka. Kidole kwenye kioo, anafuata unga kutoka mwanzo, anahesabu, anabomoa. Baadaye taa ya veranda ikakataa kuwaka. Baba yake yuko juu ya stuli, balbu ya pili mkononi, kijana anamuuliza, "Baba, swichi umeiangalia?" Ilikuwa swichi.

Mwalimu wa Sayansi, Kakamega: Intaneti ya shule ni ya kubahatisha, kwa hivyo nilipakua majaribio ya PhET, ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado. Yakishapakuliwa hayahitaji mtandao. Lile la saketi za umeme wanalipenda kwa sababu ukizidisha betri moto unalipuka kwenye skrini. Kwa vifaa halisi hakuna anayethubutu, maana tunavyo vichache. Huku wanachoma makusudi, halafu ndio maswali yanakuja. Sasa tulipotoa waya halisi, wengi hawakujua hata kuuchuna. Kwenye skrini huja umeshachunwa.

Omera wa PS, Kondele: Kwangu, kwenye kibanda cha PlayStation, ni gemu za mpira tu. Kuna mmoja wanasema hesabu imemshinda. Mpe timu na bajeti: amebakiwa na milioni 14, beki anauzwa 18, na anajua nani auzwe kwanza na chenji ni ngapi. Hiyo kushindwa sijaiona. (Wenye sare siwafungulii saa za masomo, msinianze.)

Kukhu, Bungoma: Mjukuu wangu ana miaka mitano. Rangi zote anazijua kwa Kiingereza cha Marekani, kaitoa YouTube. Ukimsalimu kwa Kiluhya, "mulembe", anakupungia mkono.

MamaWawili: Kukhu 😂 Mwalimu, hayo majaribio yanafunguka kwa simu?

Mwalimu wa Sayansi: Yanafunguka kwenye kivinjari, na ni bure. Ila kioo cha simu kinabana; ukipata tableti ni afadhali. Mwanzishe na la saketi, na umwekee kisu na waya mkuukuu kando, usio na stima.