Mama anakuja kutoka Tanga na gari linamchefua: mji gani mdogo wa Marekani unatembeleka kwa miguu?

BintiNgamiani (mwanzisha mada)

Wadau, salaam. Mama yangu anakuja mwezi wa tisa, atakaa nasi hapa Germantown, Maryland, miezi miwili. Ana miaka 68. Goti la kulia linamsumbua kwenye ngazi, lakini kwenye tambarare ananishinda mimi. Kwetu Ngamiani kila asubuhi anakwenda sokoni kwa miguu, na kila kibaraza anasimama kuulizana hali, kwa hiyo mwendo wa dakika kumi unamchukua saa nzima na anarudi amefurahi.

Safari yake ya kwanza huku, siku ya tatu nilimkuta ameketi dirishani. Akaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wako wapi? Tangu asubuhi naona magari tu." Swali hilo bado linanikaa kooni.

Safari hii nataka nimpeleke mji mdogo, siku tatu, mahali ambapo tukishuka hatuhitaji gari tena. Gari likizidi saa moja anatapika, treni haimsumbui. Nisichotaka ni yaliyonikuta mwaka jana: nililipia hoteli iliyotangazwa kuwa "katikati ya mji", nikaikuta kando ya barabara ya njia sita, pembeni hakuna hata pa kuweka mguu. Duka la mkate tulikuwa tunaliona ng'ambo, na kulifikia ikabidi tuite teksi.

Nimekusanya majina manne: Harpers Ferry (West Virginia), Hudson (New York), Staunton (Virginia) na Beaufort (South Carolina). Mliofika, nisaidieni. Hatuli nguruwe.

MpandaReli

Dada, Harpers Ferry nimekwenda mara tatu, mbili nikiwa peke yangu na moja na baba mkwe, kwa hiyo naujua mji kwa miguu yangu na kwa miguu ya mzee.

Kwanza usafiri. Treni ya MARC inasimama hapo hapo kwenu Germantown, lakini ni treni ya wafanyakazi: jioni inatoka Washington, alfajiri inarudi, na Jumamosi na Jumapili haiendi huko. Ya Amtrak, shirika la treni za masafa marefu, inapita kila siku, moja kwenda na moja kurudi, ila hiyo utaipandia Rockville au Washington. Ukipishana nayo umelala huko huko, kwa hiyo panga kurudi kabla ya kwenda.

Raha ya mji huu ni kwamba stesheni iko ndani yake. Unashuka, unavuka kijibarabara, na tayari uko kwenye nyumba za mawe na matofali. Dakika chache mbele ndipo mito ya Potomac na Shenandoah inapokutana. Baba mkwe alisimama pale muda mrefu bila kusema neno. Kwenye ukuta mmoja kuna alama za mafuriko, kila mwaka na kimo chake, na ya 1936 imezipita zote. Nilinyoosha mkono sikuifikia.

Halafu kuna historia, na hii nakuomba umsimulie mama kabla hamjafika. Oktoba 16, 1859, John Brown na watu 21, weupe na weusi, waliingia usiku kuteka ghala la silaha la serikali ili wawape watumwa silaha. Walizingirwa kwenye kibanda cha mashine za kuzimia moto, na Desemba 2 Brown alinyongwa. Kibanda kipo mpaka leo, kidogo mno, kama duka la rejareja. Kilipelekwa mpaka Chicago kwa maonyesho ya 1893, kikarudishwa. Agosti 1906 msomi mweusi W.E.B. Du Bois na wenzake wa Niagara Movement, chama cha kudai haki za weusi, walikutana kwenye chuo cha weusi kilichokuwa pale, Storer College. Alfajiri moja walivua viatu, wakatembea miguu mitupu mpaka kwenye shamba kilipokuwa kibanda hicho wakati huo. Kila nikikumbuka hilo natembea polepole zaidi pale.

Sasa goti. Mtaa wa chini ni sawasawa, mama atatembea bila shida. Ila mji wenyewe umening'inia mlimani. Kwenda kanisa la St. Peter's na Jefferson Rock ni ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, hazina usawa, na mvua ikinyesha zinateleza. Kuna daraja la miguu linalovuka Potomac sambamba na reli, zuri ajabu, lakini upande wa Maryland linaishia kwenye ngazi ya chuma. Baba mkwe alifika mwisho wa daraja, akaangalia chini, akasema yeye upepo umemtosha.

Na mahali pa kulala pengi pako juu, upande wa Bolivar. Mtaa wa chini jioni unakuwa kimya, wageni wakiondoka na maduka yanafungwa. Ungekuwa mtaa wa watu ningesema nenda huko moja kwa moja. Lakini sehemu kubwa ya chini ni hifadhi ya taifa, wakazi wa mji mzima hawafiki 300. Mama anayeuliza watu wako wapi, saa moja usiku atauliza tena.

Kiriakoo_NJ

Hudson: treni nyingi kwa siku kutoka New York, mwendo wa saa mbili, na kutoka Washington unabadilisha Penn Station, hamna haja ya kukatiza jiji. Kaeni mkono wa kushoto, mto unaandamana na dirisha karibu njia nzima. Mji ulianzishwa na wavuvi wa nyangumi miaka ya 1780, ingawa uko mbali na bahari. Mtaa ni mmoja, Warren Street, kama maili moja, unapanda taratibu kutoka mtoni. Goti litaweza.

Lakini nitasema ukweli. Maduka ni ya fanicha za kale na picha za kuchora, bei za watu wa New York. Mimi nilikwenda Jumanne, milango mingi imefungwa. Mke wangu alisema ni kama kutembea ndani ya duka la vitu ambavyo hauruhusiwi kuvigusa. Kama ni mtaa tu wa kutazama, sawa. Vyumba mwisho wa wiki ni ghali.

Mukongomani_Louisville

Jambo wote. Beaufort hakuna treni, niseme kabisa. Amtrak inasimama Yemassee, halafu kuna kama maili 25 za gari. Pale kituoni usitegemee kukuta teksi. Sisi mwenye nyumba ya wageni alitupangia dereva mapema, bila yeye tungelala kwenye benchi.

Lakini dada, ukifika! Beaufort ni bapa kabisa, hakuna kilima hata kimoja. Bay Street inafuata maji, miti mikubwa ya mwaloni imefunika njia, kivuli toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa miguu unafika Prince Street, kwenye nyumba ya Robert Smalls. Huyu alizaliwa mtumwa mwaka 1839, uani mwa nyumba hiyo hiyo. Usiku wa Mei 13, 1862, wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini, pale Charleston, alivaa kofia ya nahodha, akaendesha meli ya Kusini iitwayo Planter akiwa na mke wake na watoto ndani, akapita mbele ya mizinga, akaipeleka kwa jeshi la Kaskazini. Baadaye akanunua nyumba ya bwana wake. Halafu akaingia bungeni Washington. Kaburi lake liko pale pale mjini, kwenye kanisa la Tabernacle Baptist.

Ng'ambo ya madaraja kuna kisiwa cha St. Helena, na Penn Center, shule iliyofunguliwa 1862 kwa watu waliotoka utumwani. Huko kwa miguu haiwezekani, ni gari. Watu wa huko ni Wagullah, wajukuu wa Waafrika waliotiwa utumwani. Mama mmoja aliyekuwa anauza vitu barabarani alituambia karanga anaziita "goober". Mimi nikaruka, maana Kinshasa tunasema nguba! Neno limevuka bahari kwenye mdomo wa mtu aliyefungwa minyororo, na bado liko. Nilinunua mfuko wa hizo karanga, sikuzila, ziko kwenye kabati la sebule mpaka leo.

Chakula: wanapika wali na kunde, wanaita Hoppin' John. Uliza kwanza, kwa sababu kwa kawaida wanatia nyama ya nguruwe. Kamba ni tele.

BintiNgamiani

Ahsanteni sana. Wali na kunde nimemsomea mama kwa simu, akasema "Basi hao ni ndugu zetu." Ila maili 25 za gari baada ya siku nzima ya treni zinanitisha. Staunton hakuna aliyefika?

Mwalimu_Shenandoah

Nipo, na nilikuwa nasubiri uulize. Niliishi Staunton miaka minne. Kwanza jina: wenyewe hawaitamki u, wanasema "Stanton". Ukilitamka hivyo kwenye teksi utaeleweka.

Treni ni Cardinal, siku tatu tu kwa wiki: Jumatano, Ijumaa na Jumapili, kwenda na kurudi. Maana yake Ijumaa mnatoka Washington, baada ya mwendo wa kama masaa manne mko pale, na Jumapili mnarudi. Siku zako tatu zimekaa zenyewe.

Stesheni iko chini, kando yake maghala ya zamani ya matofali ambayo sasa ni mahoteli ya chakula. Mitaa miwili mitatu juu ndiyo Beverley Street. Kipande hicho kinapanda, mpe mkono. Ukishafika Beverley mwenyewe mtaa si mkali, na kila kitu kipo humo: mkate, kahawa, kinyozi, vitabu, benchi. Usiingie vichochoro vya kaskazini, vile ni milima kweli kweli.

Kinachonifanya niupendekeze ni kwamba ni mji wa watu wanaoishi. Wakazi kama elfu 25. Fundi viatu anakuja kazini, mama anapeleka mtoto shule, wazee wanakunywa kahawa mlangoni. Pale pia kuna Blackfriars Playhouse, ukumbi uliofunguliwa 2001 kwa kuigiza ule wa ndani wa Shakespeare kule London. Taa hazizimwi, waigizaji na watazamaji wanaonana nyuso. Kama mama alisoma shule wakati Mwalimu Nyerere ametafsiri Mabepari wa Venisi, mchezo wa huyo huyo Shakespeare, msimulie kabla ya kuingia, hata Kiingereza kikimpita atafuata kwa macho.

Nje kidogo kuna Frontier Culture Museum. Hiyo chukueni teksi, ni dakika chache. Wamejenga boma la Waigbo, kuta za udongo na paa la nyasi, kuonyesha Waafrika walioletwa Virginia walitoka kwenye nyumba za namna gani.

Mwana_wa_Lamu

Mimi niko Grand Rapids. Hujauandika Mackinac Island, nami nauongeza kwa sababu ya kwetu. Magari yamepigwa marufuku huko tangu 1898. Unavuka kwa feri, na mizigo inabebwa na farasi kama punda wanavyobeba kwetu Lamu. Barabara inazunguka kisiwa kizima, maili 8, ni baiskeli, farasi na miguu tu. Nilipoisikia kwato kwenye lami usiku nilimpigia simu kaka yangu aisikie.

Kwa mama yako mwaka huu sikushauri. Kufika feri ni gari masaa mengi, na ikifika mwisho wa Oktoba mahoteli karibu yote yanafunga.

MpandaReli

Naunga mkono Staunton, japo Harpers Ferry ndiyo roho yangu. Neno moja la kuepuka yale ya mwaka jana: usiamini "katikati ya mji" ya mtangazaji. Fungua ramani ya picha za barabarani, uanze mlangoni mwa hoteli, "utembee" humo mpaka kwenye duka la kwanza la chakula. Ukiona kijia kimekatika, achana nayo.

BintiNgamiani

Nimerudi kuwapa mrejesho. Tumekwenda Staunton, Ijumaa mpaka Jumapili. Nilifanya ile ya ramani, nikafuta hoteli mbili, ya tatu ikawa dakika sita kutoka Beverley Street.

Jumamosi asubuhi nilitoka kuoga nikakuta kitanda cha mama kitupu. Moyo ulinipasuka. Nikashuka mbio, nikamwona mtaa wa pili, kanga begani, amesimama na mzee mmoja mweupe aliyekuwa anamwagilia vyungu vya maua mlangoni mwa duka. Mama Kiingereza chake ni "good morning" na "thank you". Mzee naye Kiswahili hana. Walikuwa wanaonyeshana jani: mama analisugua kiganjani, anamnusisha, na mzee anatikisa kichwa anacheka. Ulikuwa mrihani. Alimkatia kitawi, mama akakivaa kwenye mtandio siku nzima mpaka kikanyauka.

Goti liliuma ile njia ya kutoka stesheni na mara moja nilipokosea njia tukapanda kichochoro. Blackfriars alikaa mpaka mwisho. Kwenye lile boma la udongo aligusa ukuta, akaniambia mtu aliyelikandika anaijua kazi.

Jumapili tukisubiri treni akaniuliza, "Na ule mji wa wali na kunde, reli inafika?" Nikamweleza habari ya Yemassee na zile maili 25. Akafikiri kidogo, akasema ndimu anayo kwenye mkoba. Kwa hiyo Mukongomani, yule mwenye nyumba ya wageni aliyewapangia dereva, mliwasiliana naye siku ngapi kabla?