Vifuko vya maji: vya ngamia na vya ng'ombe ni tegu mmoja?

Kisu_Malindi: Asalaam aleikum wakubwa. Nachinja hapa Malindi mwaka wa nne sasa. Juzi kuna ngamia katoka Tana River, mapafuni nikakuta vifuko vya maji, kikubwa chao kama ndimu. Nikakipasua (najua, nilikosea), maji yakanirukia hadi kiwikoni, chini zikabaki chenga nyeupe kama mchanga. Kesho yake ng'ombe, vifuko kwenye ini, ila maji matupu. Mkaguzi akavitupa vyote: "Tegu wa mbwa." Ni yule yule, au kila mnyama na wake? Nauliza kwa sababu kijana wetu huwarushia mbwa mapafu.

Bwana_Mifugo: Ukoo mmoja, Echinococcus, ila una makabila. Kwa macho huwezi kuyatenga, ni DNA. G1 ni la kondoo, na ndilo linaloumiza watu wengi zaidi duniani. G5 la ng'ombe, G6 la ngamia, na mbuzi pia hulipata. Hizo chenga ni vichwa vichanga vya tegu. Kila kimoja mbwa akikila chaweza kuwa tegu mzima, milimita chache tu. Ng'ombe wako huenda alibeba G1: humwingia, lakini mara nyingi kifuko hubaki gumba, maji bila chenga. G5 aghalabu ungelikuta mapafuni, na chenga tele.

Mshela: Na punda? Huku Lamu ndiye gari letu.

Bwana_Mifugo: Punda na farasi wana G4. Kwa watu ni nadra mno.

Nilikaa_Lodwar: La ngamia msilidharau. Turkana wagonjwa wengi wana G1, lakini G6 nalo limepatikana kwa watu, na Sudan ndilo lililotawala. Jirani yangu kule alikuwa na tumbo ukadhani mimba ya miezi minane. Mwanamume!

Kisu_Malindi: Ya rabi. Na walaji nyama je?

Bwana_Mifugo: Nyama haina neno. Mtu humeza mayai yatokayo kwenye kinyesi cha mbwa: mikono, maji, mboga. Wape mbwa prazikwanteli, dawa ya kuua tegu. Wengi husema kila wiki sita, na kwa G1 inatosha. Ila G5 huanza kutaga mapema, siku 35 hivi, kwa hiyo penye ng'ombe wengi mimi singengoja wiki sita.

Kisu_Malindi: Tumeshachimba shimo nyuma ya zizi, mapafu yote humo. Kijana kanuna. Mbwa nao wamekaa mlangoni tangu alfajiri, wananitazama mimi.