Deni la nje likikua, sisi wa Kirumba, Mwanza, linatufikiaje?

Muuza Nyavu, Kirumba
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninauza nyavu na vipuri vya injini za mitumbwi, na kila zinapokuja habari kwamba deni la taifa limeongezeka, wenzangu husema ndiyo sababu mzigo unapanda bei. Je, deni la nje linanigusaje mimi ambaye sijakopa hata benki?

Mhasibu wa Nyegezi
Marahaba, ndugu yangu. Linakugusa kupitia shilingi. Serikali hukusanya kodi kwa shilingi, ilhali sehemu kubwa ya deni la nje huhesabiwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 2,300, na katikati ya mwaka 2024 ilikaribia 2,700. Hivyo kila dola milioni moja ya marejesho, iliyokuwa ikilipwa kwa shilingi bilioni 2.3, ikadai karibu milioni 400 zaidi, pasipo kukopwa senti mpya. Nyongeza hiyo hutoka kwenye bajeti ileile ya zahanati na barabara. Nawe unapoagiza injini, unaigombania dola hiyohiyo.

Binti wa Sengerema
Samahani kaka, deni lisibebeshwe kila lawama. Mwaka 2022 mafuta yalipanda kwa vita vya Ukraine, na Marekani ilipopandisha riba, dola ilipanda karibu kila mahali. Wala kukopa ndani hakukosi gharama, kwa kuwa benki inayopata riba ya uhakika kwenye hatifungani za serikali (hati ambazo serikali hukopea fedha kwa ahadi ya kuzirudisha na riba) haina haraka ya kumkopesha muuza dagaa.

Mhasibu wa Nyegezi
Hapo umenisahihisha, dada. Mimi hutazama zaidi masharti ya mkopo na kilichonunuliwa nao. Mkopo nafuu wa Benki ya Dunia hulipwa kwa miongo kadhaa. Wa kibiashara hutakiwa kulipwa mapema na riba yake ni kubwa. Zambia, pamoja na shaba yake yote, ilishindwa kulipa hatifungani zake mwaka 2020. Kwetu dola huletwa, pamoja na mengine, na dhahabu ya Geita na minofu ya sangara. Kwa hiyo sangara wachanga wakimalizwa kwa nyavu haramu kama makokoro na timba, uwezo wa kulipa nao unapungua. (Sikusemi wewe, muuza nyavu.)

Muuza Nyavu, Kirumba
Nimekuelewa, mzee wangu. Timba siuzi, ingawa kila wiki huulizwa.