Naomba ushauri: kifaa cha kupitisha umeme hafifu kichwani ili kuimarisha kumbukumbu

Ndugu zangu, baba yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68, siku hizi hupoteza hesabu akiwa katikati ya kuifanya, ingawa mambo ya zamani huyakumbuka vizuri kuliko sisi wanawe. Kaka yangu anataka kumwagizia kifaa cha betri kinachopitisha umeme hafifu kichwani, akitegemea utafiti wa Reinhart na Nguyen wa Chuo Kikuu cha Boston, uliochapishwa mwaka 2019, ambamo wazee wa miaka 60 hadi 76 walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu baada ya dakika 25 za umeme huo, na nafuu ikadumu kwa takriban dakika 50 zilizopimwa. Wasiwasi wangu ni kwamba watafiti hao walitumia umeme unaogeuka mwelekeo, uliolinganishwa na mdundo wa ubongo wa kila mshiriki, ilhali kifaa hiki hupitisha umeme wa mwelekeo mmoja tu.

Je, yupo aliyewahi kutibiwa kwa njia hii chini ya uangalizi wa daktari? Na je, tuanze kwa daktari wa mishipa ya fahamu, au wa magonjwa ya akili?